Insha ya Binti wa Waya

Kijiwe chao ni benchi moja la chuma lililofungwa mnyororo kwenye nguzo, nje ya duka la kahawa la dada Le, San Jose upande wa mashariki, katikati ya duka la mikate na ofisi inayojazia watu fomu za kodi. Lilifungwa mnyororo kwa sababu liliwahi kuibiwa, na inasemekana walioliiba ni haohao wanaolikalia, eti walitaka kulisogeza kivulini. Mbele yake kuna meza, juu ya meza kuna sataranji ya Kichina, na kando ya sataranji kuna glasi za kahawa nzito ya maziwa ya kopo na barafu. Glasi moja mzee anaweza kuinyonya tangu asubuhi mpaka jua linazama, na dada Le asiseme kitu, anavuta pumzi tu. Ila mwezi wa kumi na moja ukifika, sataranji inalala. Ndio mwezi ambao watoto wa Kivietnamu mji mzima wanaomba vyuo, na kila mwombaji lazima aandike insha ya kueleza yeye ni nani na anataka nini duniani. Na kwa kuwa wote wanataka kuwa madaktari, au wazazi wao ndio wanaotaka, ambalo pale benchini ni jambo lilelile, basi mwezi mzima kinachosemwa ni insha za udaktari. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuandika insha hiyo. Hilo halijawahi kumzuia mtu kutoa ushauri.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho kutuma. Waya alifika alasiri, amekunja karatasi mbili ndani ya gazeti, akakaa mwisho wa benchi. Jina lake Thinh, lakini hakuna anayemwita hivyo tena isipokuwa mkewe akikasirika. Hilo la Waya amelipata kiwandani, ambako tangu aingie nchi hii amekuwa akilehemu nyaya za kompyuta chini ya lenzi, mpaka shingo imezoea kuinama na sasa hata akitembea barabarani utadhani anatafuta kitu alichodondosha.

— Umeileta? akauliza Kanali.

Kanali hakuwahi kuwa kanali. Alikuwa dereva wa kanali, zamani za vita, na kanali mwenyewe alipokufa, cheo kikabaki hakina mtu, yeye akakichukua.

— Nimeileta. Wakili yuko wapi?

— Anakuja. Kuna bibi mmoja ameng'ang'ana naye ofisini. Hebu tuione.

— Ukiiona utaisoma, Kiingereza hicho?

— Naiona tu nijue unene wake. Insha nyembamba hainiingii akilini.

Waya akalifunua gazeti, Kanali akazipima zile karatasi kwa vidole viwili kama mama anayechagua kitambaa. Akaguna.

— Binti mwenyewe kwa nini asikusomee? akauliza Meno.

Meno naye ana historia yake. Miaka ishirini alisugua meno bandia kwenye maabara ya mtu, na tangu astaafu ndiye bingwa wa matibabu wa kijiwe. Ukiumwa mgongo anakwambia ni taya.

— Amekataa, akasema Waya. Asubuhi nakunywa supu yangu, kaniwekea hizi karatasi mezani. Ananiambia, "Baba, humu kuna habari za nyumbani kwetu. Chuo kinafunga leo saa kumi na moja jioni. Bila ruhusa yako situmi." Nikamwambia basi nisomee kwa lugha yetu, nikupe ruhusa, niende zangu. Anasema, "Hii mimi sikutafsirii. Mtafute mtu mwingine." Kabeba begi, kaenda shule.

— Dharau hiyo, akasema Kanali.

— Thao hana dharau.

— Sijasema ana dharau. Nimesema alichofanya ni dharau.

Na Waya mwenyewe alikuwa amefikiri hivyohivyo kwenye basi. Thao ni mtoto wake pekee. Tangu akiwa mdogo, kila karatasi iliyoingia nyumbani kwao ilipitia mikononi mwa Thao: umeme, bima, benki, barua za kutisha na barua za kuuza magodoro. Hajawahi kukataa hata moja. Leo ndiyo kwanza.

— Na ukimkatalia? akauliza Meno.

— Anayo nyingine, ya mpira wa wavu. Lakini mwalimu wake kamwambia ile haina kitu, akituma ile asahau. Hiki chuo ndicho kile kinachochukua watoto wachache, ukiingia umeingia, unatoka daktari. Wengine wote huko unasoma kwanza, halafu unaomba upya, halafu unangoja. Huyu mtoto anakitaka hiki tangu yuko kidato cha kwanza.

— Basi isitoke hapa mpaka tuione, akasema Kanali. Isijekuwa ameandika mambo ya kawaida.

— Mambo ya kawaida yana ubaya gani?

Swali hilo lilikuwa kosa, na Waya alilijua lilipomtoka tu. Kanali aliweka glasi chini, akajipangusa mdomo.

— Sikiliza, mdogo wangu. Kule chuoni wanaosoma insha ni kina mama watatu. Wamekaa chumba kimoja, kila mmoja na kikombe chake. Anasoma. Chozi lisipodondoka kikombeni kabla ya aya ya pili, karatasi inakwenda chini ya meza.

— Nani kakwambia ni kina mama? akauliza Meno.

— Ni wanaume?

— Ni mashine. Mpwa wangu anafanya kazi na watu wanaojua. Insha inaingizwa kwenye mashine, mashine inapima huzuni. Ikifika kiwango inawaka taa. Ndiyo maana ya udaktari lazima ianze na damu. Mjukuu wa dada yangu alianza na pua ya mdogo wake inavuja damu, mstari wa kwanza kabisa. Yuko mwaka wa tatu sasa hivi.

— Pua.

— Pua ndiyo.

— Pua haina heshima, bwana. Vita ndiyo yenye heshima. Mimi hapa nina vita nzima haitumiki, imekaa tu kichwani inanizuia usingizi. Namwazima Thao. Aandike babu yake alifunga majeraha ya askari arobaini kwa shati lake mwenyewe.

— Shati moja, askari arobaini, akasema Meno. Lilikuwa shati au turubai?

— Na wewe vita vyako ulikuwa ndani ya gari, umefunga vioo, akasema Waya.

— Vioo vilikuwa vimevunjika. Ndiyo sehemu ya huzuni yenyewe.

Dada Le alikuwa ametoka na birika la chai ya bure, ambayo ndiyo inayowafanya wasiagize kahawa ya pili. Akamimina huku anawatazama mmoja mmoja.

— Nyie si ndio mliowashauri watoto wa Hanh mwaka jana? Ndugu wawili, chuo kimoja, kila mmoja kamuua babu yake kwenye insha. Mmoja kamuua kwa moyo, mwingine kwa figo. Wakaitwa na mwalimu waeleze wana babu wangapi.

— Hilo lilikuwa kosa la mawasiliano, akasema Kanali.

— Na babu mwenyewe yuko hai. Anakuja hapa kila Jumanne. Anakudai mchezo wa sataranji.

— Tulimpa umaarufu.

— Mlimpa kifo mara mbili, mzee wangu. Kwao hawakula naye mwezi mzima kwa kuogopa nuksi.

Waya alicheka, akajisikia nafuu kidogo. Aliwaza pengine insha ya Thao ni nyepesi tu, mambo ya nyumbani, namna mama yake anavyopika, namna wanavyowasha ubani mbele ya picha ya bibi yake siku za kumbukumbu. Habari za nyumbani kwetu, alisema. Nyumbani kwao kuna habari gani hasa? Watu watatu, gari moja na mti wa limau. Akajiambia, nitasikiliza, nitampigia simu, nitasema tuma, yaishe.

— Na mashua? akauliza Meno. Ameweka mashua?

— Mashua imeshuka bei, akasema Kanali kwa huzuni ya kweli kabisa. Zamani ulikuwa ukisema wazazi wangu walikimbia nchi kwa mashua, umemaliza, unapewa na chakula cha mchana. Sasa kila mtoto wa kwetu ana mashua, hata ambaye wazazi wake walikuja kwa ndege na kupewa blanketi.

Hapo ndipo Wakili alipotokea mlangoni kwa jirani, miwani imekaa kwenye paji la uso. Yeye ndiye kijana wao, kapita hamsini juzijuzi. Si wakili, anajaza kodi tu, lakini ndiye pekee mwenye Kiingereza cha kusomea karatasi ya watu, na hilo kwenye benchi lile linatosha kukupa cheo.

— Samahani wakubwa. Yule bibi anataka mbwa wake ahesabiwe kama mtegemezi. Haya, kaka Waya, lete.

Akavuta kiti, akashusha miwani, akasoma mistari michache kimoyomoyo. Waya alimwona anaacha kutafuna mbegu za alizeti zilizokuwa mdomoni.

— Niisome hapahapa?

— Soma, akasema Waya. Hawa si watu wa nje.

— Pengine nikusomee ofisini, sisi wawili.

— Soma bwana, saa zinakwenda, akasema Kanali.

Wakili akamtazama Waya tena, akaona hajaelewa kwa nini anaitwa kando, akasoma. Aliisoma taratibu, Kiingereza kwa macho, Kivietnamu kwa mdomo.

— "Nilikuwa na miaka kumi, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa nyumbani kwetu. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa anaumwa tumbo na anakonda. Tulimpeleka hospitali kuchukua majibu. Tulikuwa watatu: bibi kwenye kiti cha magurudumu, baba yangu, na mimi katikati. Daktari alitaka kumpigia simu mkalimani wa hospitali. Baba akasema hakuna haja, binti yangu anajua. Alisema kwa fahari, nami nilijisikia fahari."

— Kweli hiyo, akasema Waya. Nilisema hivyo. Alikuwa anajua kuliko wale wa kwenye simu.

— Mbona hakuna damu, akanong'ona Meno.

— Ngoja, akasema Wakili, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kumkataza mtu. "Daktari alizungumza nami polepole. Alisema ni kansa ya kongosho, imekwishasambaa, hakuna dawa itakayoiondoa, na kwamba amebakiza miezi michache. Akasema, tafadhali waambie. Nikageuka. Bibi alikuwa ananitazama mdomo. Baba alikuwa anatabasamu na kutikisa kichwa, kama anavyofanya mbele ya kila Mmarekani ili asimsumbue. Nikaona siwezi. Nikawaambia daktari amesema ni vidonda vya tumbo, ale uji, apumzike, atapona kabla ya mwaka mpya. Bibi akacheka. Baba akamshika daktari mkono, akamshukuru."

Wakili akapumzika. Gari moja lilikuwa linatafuta nafasi ya kuegesha, likazunguka, likaondoka.

— Endelea, akasema Waya.

— "Daktari alidhani sisi ni watu jasiri sana. Nyumbani nilikaa na jambo hilo peke yangu. Bibi alikufa kabla ya mwaka mpya. Sijawahi kumwambia mtu. Nataka kuwa daktari ili nikae na mabibi kama yule, nizungumze nao mwenyewe, kwa lugha yao, na katikati yetu asiwepo mtoto." Basi. Imeishia hapo.

Kwa muda benchi lote lilikaa kimya, jambo ambalo dada Le anasema hajalisikia tangu afungue duka. Lakini benchi lile halijui kukaa kimya kwa muda mrefu, na Kanali ndiye aliyeanza.

— Mtoto kafanya sawa. Kosa lake ni lipi? Kwetu mgonjwa haambiwi. Mama yangu hakuambiwa. Baba yake mama naye hakuambiwa. Walikufa wanajua wana mafua.

— Mmarekani hataelewa, akasema Meno. Mmarekani anakwambia unakufa hata hujavua kofia. Atasoma hii atasema mtoto muongo, tusimpe kisu.

— Si uongo, ni adabu. Mgonjwa haambiwi, anaambiwa mwanawe. Mwanawe ndiye anayejua, ndiye anayejipanga, ndiye...

Kanali hakumaliza. Alikuwa amegeuka kumtazama Waya katikati ya sentensi, na sasa hakujua aiweke wapi.

Waya alikuwa ameinamia meza. Alikuwa anaikumbuka miezi ile, na aliikumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa miezi ya furaha. Mama atapona kabla ya mwaka mpya. Ndiyo maana aliomba ovataimu, Jumapili zote, ili mwaka mpya ukipita ampeleke Can Tho, nyumbani Vietnam, akamwone mdogo wake waliyeachana zaidi ya miaka ishirini. Mama alikuwa anamwambia, mwanangu, leo kaa nyumbani. Yeye anamwambia, mama, pona kwanza, tutakaa tukiwa Can Tho. Simu ilimkuta kiwandani, jicho kwenye lenzi. Aliwalaumu hospitali. Miaka yote hii amekuwa akisema wale madaktari hawajui kitu, walisema vidonda vya tumbo, na ameyasema mezani, mbele ya Thao, mtoto anakula kimya. Sasa alikuwa na hasira, na hakujua aielekeze wapi. Kwa mtoto wa miaka kumi? Kwa daktari aliyetaka kupiga simu akaambiwa hakuna haja?

Benchi lilikuwa limeelewa. Na kwa kuwa limeelewa, likapiga kelele zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo huruma pekee linayoijua.

— Kiufundi, akasema Meno kwa haraka, insha ina kasoro moja. Mgonjwa anakufa. Daktari mtarajiwa huwezi kuanza kwa kufiwa. Mimi ningesema bibi apone. Ule uji umponye. Daktari ashangae, amwombe mtoto maelezo ya uji.

— Uji wa nini? akauliza Kanali kwa shukrani kubwa.

— Wa mchele na tangawizi. Meno yake pia yarudi.

— Hapana. Bibi afe, ni lazima, mashine iwake taa. Anayeharibu hapa ni baba.

— Mzee Kanali, akasema Wakili.

— Nazungumzia insha tu. Humo ndani baba hana kazi. Yupo, anatabasamu. Msomaji atasema, huyu naye? Bora angekuwa kazini. Tena bora angekuwa amekufa zamani. Afie baharini, tuipandishe mashua bei. Mtoto abaki na bibi, wawili tu, ukalimani wote umwangukie yeye. Hapo kina mama watatu wanalia mpaka vikombe vinafurika.

— Baba afe baharini, bibi apone kwa uji, akasema Meno. Hiyo nzuri. Na yule daktari aje amuoe mama.

— Mama yupi? Huko mama hayupo.

— Tumlete.

— Wazee mnaniulia ndugu yangu akiwa amekaa hapa, akasema dada Le kutoka mlangoni, polepole.

Waya aliwasikia kwa mbali. Hakuwakasirikia. Alijua kama wangenyamaza wangelazimika kumtazama, na wasingejua wamtazame vipi. Aliangalia saa ya ukutani ndani ya duka. Saa kumi ilikwishapita. Thao atakuwa ametoka shule, amekaa kwenye kompyuta yake, simu kando. Bila ruhusa yako situmi.

Kwenye kaunta kulikuwa na mtu mmoja anangoja kahawa yake ichujike. Hakuwa wa pale. Alikuwa amehamia wiki ile kutoka Houston, bado ana plasta kidoleni kwa kubeba makochi, na alikuwa amesimama mlango uko wazi muda wote Wakili alipokuwa anasoma. Alichukua glasi yake, akatoka nayo, akasimama mbele ya benchi kwa adabu, kama wanavyosimama wageni wanaotaka kujua kama kuna nafasi.

— Samahani wakubwa zangu, akasema. Nimesikia insha yenu. Nzuri sana, mmeniumiza moyo. Ila sijaelewa kitu kimoja.

— Uliza, akasema Kanali. Hapa tunajibu yote.

— Huyo baba yake. Aliambiwa lini?

Kanali akaichungulia glasi yake. Meno alikumbuka kwamba sataranji haijapangwa, akaanza kuipanga, farasi akamweka kwenye nafasi ya tembo. Wakili alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Mgeni aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, akajua amekanyaga kitu lakini hajui nini, akaanza kusema samahani kama nimekosea.

— Hujakosea, akasema Waya. Ameambiwa sasa hivi.

Yule mgeni akamtazama. Kisha akakitazama kile kiwiliwili kilichoinama, shingo ya mtu wa kiwandani, ile karatasi mbele yake, na uso wake ukabadilika. Aliweka kahawa yake mezani mbele ya Waya, ambaye yake ilikuwa imebaki maji ya barafu tu, akasogea kando.

Waya akatoa simu. Kwa kawaida watu wa benchi hupokea simu zao palepale, kwa sauti, ili wote wafaidi. Safari hii alisimama, akazunguka ile nguzo yenye mnyororo, akawapa mgongo. Nao, jambo jingine ambalo dada Le hajawahi kuliona, wakainamia sataranji iliyopangwa vibaya wakajifanya wanacheza.

Thao alipokea mara moja.

— Baba.

— Nimesomewa.

— Na nani?

— Wakili.

— Yote?

— Yote.

Akamsikia anavuta pumzi.

— Una hasira, Baba?

— Ninayo, akasema Waya. Ninayo kubwa. Lakini sio juu yako wewe.

— Naweza kutuma ile ya mpira wa wavu. Bado kuna muda.

Waya akaiegemea ile nguzo. Alikuwa anaiona ile siku: mama yake kwenye kiti cha magurudumu, mkoba mapajani, nywele amechana vizuri kwa ajili ya daktari, macho yanahama kutoka mdomo huu kwenda mdomo ule, anangoja maneno yamfikie. Na katikati mtoto wa miaka kumi, miguu haifiki sakafuni. Na yeye mwenyewe pembeni, mtu mzima, anatabasamu.

— Ulikuwa unajua nachukua ovataimu, akasema.

— Nilikuwa najua.

— Kila Jumapili.

— Kila Jumapili nilikuwa nasema leo nitamwambia. Halafu unarudi umechoka, unamuuliza bibi amekula uji? Bibi anasema amekula. Mnacheka. Nashindwa. — Akauliza kwa sauti ndogo, ile ya zamani: — Baba, kama ningekuambia, ungefanya nini?

Waya alitaka kusema ningeacha kazi. Alitaka kusema ningempeleka Can Tho wiki ileile, hata kwa kumbeba mgongoni. Pengine angefanya hivyo, pengine kiwandani wasingempa ruhusa. Lakini kuna kimoja alikuwa na uhakika nacho, na alijua ndicho binti anachouliza.

— Bibi yako ningemwambia hivyohivyo ulivyomwambia, akasema. Vidonda vya tumbo, ale uji, atapona kabla ya mwaka mpya. Nisingebadilisha hata neno. Lakini ile ilikuwa zamu yangu kusema, mwanangu. Haikuwa yako.

Upande wa pili mtoto alikuwa analia, sio kwa kelele. Waya alisubiri. Nyuma yake Kanali alikuwa anamnong'oneza Meno kwamba farasi haendi hivyo, na Meno anamwambia nyamaza.

— Baba, akasema Thao mwishowe. Pale kwenye kutabasamu. Nikutoe?

— Niache hapohapo, akasema Waya. Tuma.